Siku Mbili kwa Mwezi

SWALI: Mwanangu hukosa shule takriban siku mbili kila mwezi. Je, zaweza kumshusha kimasomo?

JIBU: Ndiyo, zaweza. Marekani na Uingereza humhesabu mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 ya masomo, ambayo ni takriban siku mbili kwa mwezi, kuwa na utoro wa kudumu, hata alipokuwa na ruhusa. Hisabati ndiyo huathirika upesi, kwa kuwa asiyefundishwa sehemu, kama nusu na robo, hutatizika katika asilimia. Hata hivyo, usikimbilie adhabu, kwani mara nyingi mtoto hukwepa darasa kwa sababu tayari ameachwa nyuma au anaonewa na wenzake, na kila siku anayokosa humzidishia pengo analolikimbia. Linganisha siku anazokosa na ratiba. Zikiangukia somo lilelile, zungumza na mwalimu wake.