Wasomaji Wanauliza: Ramani ya droni inasema tumeingia msituni

SWALI: Mashamba yetu yanapakana na msitu wa Bugoma. Tulirusha droni, tukaunganisha picha kwa WebODM (programu ya kugeuza picha za droni kuwa ramani), kisha tukaifungua ramani hiyo katika QGIS (programu ya ramani) na tukaweka juu yake mpaka ulionakiliwa kutoka ramani ya zamani ya serikali. Familia kadhaa za upande wa kaskazini zinaonekana zimeingia hifadhini kiasi cha mita 300. Wazee wanaapa mawe ya mpaka hayajahama. Tumwamini nani? – Mkulima, Kikuube

JIBU: Kabla hujamwonyesha mtu yeyote ramani hiyo, tazama upande wa kusini wa msitu. Kama huko nako mstari umeacha ukanda wa miti nje, wenye upana uleule wa mita 300, basi hakuna aliyevamia. Mstari wote umesogea kaskazini.

Ramani za zamani za Uganda zilichorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya droni hutumia WGS84. Jiwe lilelile likisomwa kwa mifumo hii miwili, namba zake hutofautiana takriban mita 300 kaskazini–kusini, na makumi ya mita mashariki–magharibi. Aliyenakili mpaka wenu aliandika namba za Arc 1960, kisha QGIS ikaambiwa ni za WGS84. Kosa dogo la kubofya, lakini linaweza kumfukuzisha mtu shambani mwake, ndiyo maana tunalieleza kwa urefu.

Bofya kulia kwenye safu (layer) ya mpaka, uipe mfumo wake halisi kwa namba yake ya utambulisho: EPSG:21096, yaani Arc 1960 kanda 36 kaskazini. Usiisafirishe (export) kwenda mfumo mwingine kwanza. Wengi hukosea hapo, wakabadilisha namba ambazo tangu mwanzo zina jina lisilo lake. QGIS ikiuliza njia ya kugeuza, chagua iliyotajwa kwa ajili ya eneo lenu. Mstari utarudi karibu na mahali pake.

Karibu tu. Ugeuzaji wa jumla hubakiza kosa, na GPS ya kawaida ya droni huongeza mita kadhaa zake. Kama ugomvi ni wa mita 5, ramani hii haiamui chochote. Nendeni na wazee pamoja na maafisa wa misitu hadi kwenye mawe yenyewe, myapime kwa kipokezi cha RTK, yaani GPS inayopima kwa usahihi wa sentimita.

Mkirusha tena, wekeni alama za ardhini zisizopungua 5: nne pembeni na moja katikati. Kibao cha sentimita 60 kwa 60 chenye robo nyeusi na nyeupe kinatosha. Gunia jeupe tupu halifai, kwa sababu jua la mchana hulifanya liwe doa linalong'aa lisilo na kitovu. Faili la gcp_list.txt, linaloieleza WebODM alama hizo ziko wapi, lianze na mstari EPSG:32636 (WGS84 kanda 36 kaskazini), kisha kila mstari uwe na mashariki, kaskazini, kimo, nafasi mbili za pikseli na jina la picha. Kila alama ionekane katika picha 3 au zaidi. Mkitanguliza kaskazini kabla ya mashariki, kazi yote itatua mbali kabisa na Bugoma. (Walio magharibi ya longitudo 30 na kusini ya ikweta, kama Kisoro na Bwindi, wako kanda 35 kusini: 32735.)

SWALI: Ramani yetu ya vilima vya Kabale ni safi mabondeni, ila vileleni ina matundu. Tuliweka picha zipandane kwa asilimia 75 kama tulivyoshauriwa. – Kikundi cha kuhifadhi udongo, Kabale

JIBU: Asilimia 75 ilikuwa ya bondeni, mlikoanzia kurusha. Droni iliyopangiwa mita 100 huhesabu kutoka pale iliporuka. Kilima kikipanda mita 60, inabaki mita 40 juu ya kilele, na kila picha inashika asilimia 40 tu ya upana wa awali huku nafasi kati ya picha ikiwa ileile. Kupandana kunashuka hadi asilimia 37 au 38, na programu haipati vitu vya kulinganisha. Tumieni Mission Planner (programu ya kupanga mruko) yenye data ya miinuko ili droni ifuate ardhi, ikiwa droni yenu inaendeshwa kwa programu ya ArduPilot. La sivyo, gaweni kilima kwa ngazi, kila ngazi na mruko wake, mkianzia juu.

Penye miti mingi ongezeni hadi asilimia 85 mbele na 75 ubavuni, na msiruke penye upepo: jani lililosogea kati ya picha mbili ni jani jingine machoni pa kompyuta. Mafunjo ya kinamasi yana tabia hiyohiyo. Maji ya ziwa hayaungwi kabisa. Hakikisheni kila picha ina kipande cha nchi kavu.

SWALI: Hekta 100 zinahitaji picha ngapi, na kompyuta yenye RAM ya GB 16 itaziweza? – Mwanafunzi, Masindi

JIBU: Kamera ya pikseli milioni 20 yenye kihisi cha inchi moja, ikiwa mita 100 juu, hushika mita 150 kwa 100. Kwa kupandana asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, unapiga kila mita 20 na mistari inaachana mita 45. Hizo ni picha kama 1,100. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde ni dakika 46 hewani bila kuhesabu kona, kwa hiyo beba betri nne.

GB 16 huanza kulemewa karibu na picha 250. Kazi hufa katikati bila maelezo ya maana, na watu hulaumu picha. Katika WebODM weka split 200 (picha kwa kila kipande) na split-overlap 100 (mita za kupandana kati ya vipande) ili ichakate vipande kisha iviunganishe. Itachukua muda mrefu, basi umeme wa uhakika ni muhimu kuliko kasi.

SWALI: Lazima tuombe kibali hata kwa droni ndogo? – Msomaji, Kasese

JIBU: Ndiyo. Ombeni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda mapema, maana idhini ya vyombo vya usalama nayo inahitajika. Ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth ongezeni ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori. Na kabla ya yote hayo, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wenye nyumba mtakazopita juu yake wajue siku na saa.