Kahawa inaniamsha ila mikono inatetemeka: niongeze au nipunguze?

Mkuu, umesema kahawa inakukata usingizi vizuri, ila mikono inatetemeka na hasira zinakuwa karibu. Punguza. Kazi yangu ni kudarizi, na kwenye sindano jambo hili halijifichi.

Kafeini, kemikali ya kwenye kahawa inayokata usingizi, haikuongezei nguvu. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unalimbikiza adenosini, kemikali inayoleta uzito wa usingizi. Kafeini huwahi kukalia nafasi ambayo adenosini ingeshika, kwa hiyo uchovu uko palepale, ila huusikii. Kafeini ikipungua mwilini, uchovu wote unakuangukia kwa mpigo.

Kikombe kimoja kinanifaa kweli: nahesabu nyuzi za kitambaa bila kupotea. Nikiongeza cha pili nikiwa na njaa, akili bado iko macho lakini uzi unagonga ukingo wa tundu la sindano, mara kulia, mara kushoto, na mishono inaanza kupishana urefu. Kafeini huamsha adrenalini pia, homoni ya mwili inayotoka ukishtuka, na hapo ndipo vidole vinapokosa utulivu na moyo kwenda mbio. Kuwa macho ni jambo moja, mkono kutulia ni jingine. Anayekesha akilinda lango anaweza kuvumilia mtetemeko. Mwenye kazi ya vidole hawezi.

Hizo hasira zichunguze zinakuja saa ngapi. Zikija baada ya vikombe vingi, umezidisha. Zikija asubuhi kabla hujanywa, pamoja na kichwa kuuma, mwili unaidai kafeini yake. Hali hiyo huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Kwa hiyo usiache ghafla, punguza kidogo kidogo.

Angalia na muda. Kwa watu wazima wengi, nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi. Ukinywa saa kumi alasiri, saa tatu usiku bado unayo, unalala usingizi mwepesi, kesho unaamka mchovu na kutafuta kikombe kikubwa zaidi. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi.

Kiwango kinachopendekezwa kisizidi kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku, mjamzito 200. Ukihesabu, jumlisha chai, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu, na usome karatasi ya vidonge vyako vya maumivu ya kichwa, maana baadhi vina kafeini ndani.