Kwa mnaoanza maabara: kingamwili yako uizalishe wapi?

Wadogo zangu mnaoingia maabara hapa Dodoma, mapendekezo yenu ya utafiti yana ugonjwa mmoja. Ukurasa wa kwanza tu, tayari "seli za CHO", na kingamwili yenyewe (protini ya kinga inayoshika kitu kimoja maalumu) ni ya kazi gani bado haijasemwa. Nikiuliza kwa nini, naambiwa ndizo wanazotumia viwandani. Ni kweli, dawa nyingi za kingamwili hutoka kwenye seli hizo za ovari ya hamsta. Lakini wewe hutengenezi dawa.

Tuchukue tatizo la hapa kwetu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu. Tuseme unataka kipimo cha haraka ambacho mfanyabiashara wa mahindi pale Kibaigwa anaweza kukitumia. Kingamwili ya kipimo hicho kazi yake ni kuishika aflatoksini, yaani hiyo sumu ya kuvu, basi. Haitaingia mwilini mwa mtu wala haitaita seli za kinga, kwa hiyo mkia wake wa kuziita, ule unaobeba sukari, hauna kazi. Kingamwili imejengwa kwa minyororo mizito na myepesi, na ncha zake ndizo zinazoshika; chukua ncha ya mnyororo mzito na ya mnyororo mwepesi, ziunganishe kwa kipande kifupi cha protini: unapata kitu chenye uzito wa molekuli wa kilodaltoni 27 hivi badala ya 150 za kingamwili nzima. Hicho bakteria E. coli anakiweza, kwa gharama ndogo. (Aflatoksini ni ndogo mno kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, ndiyo maana kwenye vipimo hivi sumu na mstari wa majibu hugombania kingamwili: sumu ikizidi, mstari hufifia. Mweleze mtumiaji mapema, la sivyo atasoma majibu kinyume.)

E. coli naye ana masharti yake. Kingamwili hushikiliwa na vifungo vya salfa, na ndani kabisa ya bakteria vifungo hivyo havijengeki vizuri. Weka mwanzoni mwa jeni kipande cha kuipeleka protini kwenye nafasi iliyo kati ya tando zake mbili, huko vinajengeka. Ukishawasha jeni, shusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 25 au chini yake, na usimwage IPTG, kemikali ya kuiwashia jeni, kwa mkono mkubwa. Wanaoharakisha hupata protini nyingi iliyojikunja ovyo na kuganda mabonge, halafu wanashangilia doa nene la protini kwenye jeli ya kuzitenganisha protini kwa ukubwa. Doa nene halithibitishi kwamba inashika kitu. Pima ushikaji.

Chachu ya Pichia huitoa protini nje kwenye mchuzi inamokuzwa, na usafishaji unakuwa mwepesi. Tatizo lake ni kubandika manosi, aina ya sukari, nyingi kupita kiasi. Hata hivyo, eptinezumab, dawa ya kipandauso iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hutengenezwa humo. Waliiondolea kabisa mahali pa kubandika sukari. Mimea nayo inawezekana: ZMapp ya Ebola mwaka 2014 ilitoka kwenye majani ya binamu wa tumbaku. Ila kwa anayeanza, siishauri.

Seli za mamalia zitafute pale unapohitaji kingamwili nzima yenye sukari sahihi kwenye amino asidi ya 297 ya mnyororo mzito, kwa mfano ukitaka kuona kama itaamsha seli za kinga. Hapo anza na HEK293, seli za binadamu za maabara, kwa uzalishaji wa muda mfupi; siku chache zinatosha kupata ya kujaribia. Lakini kwanza uliza kama inkubeta iko kwenye jenereta, kama mtungi wa kaboni dioksaidi una akiba, na nani anapima mikoplazma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli. Mdudu huyo hatii mchuzi ukungu, na hupenya chujio la mikromita 0.22. Majibu yakiwa "tutaona", rudi kwa bakteria.

Na jeni ikiagizwa, mtaje mwenyeji, yaani seli itakayozalisha, kwenye oda, kwa sababu kodoni (herufi tatu tatu za jeni zinazotaja amino asidi) zinazopendwa na E. coli sizo zinazopendwa na seli za binadamu. Mfuatano wa amino asidi wa kingamwili yako, uuhifadhi mahali pawili tofauti. Ukihama mwenyeji, jeni utaiandika upya kutoka kwenye mfuatano huo.