Herufi za Kigothi: kwa wewe unayeanza kazi ya kuchapa

Mdogo wangu, wiki yako ya kwanza hapa Kariakoo, mkono utakwenda wenyewe kwenye Old English Text. Wote tulianzia hapo. Ni fonti ya Kigothi: nyeusi, nzito, ina kona kali. Mteja akiiona anahisi cheti, anahisi ukongwe wenye heshima. Mimi niliipenda hadi iliponila kadi 200 za harusi.

Niliandika majina ya maharusi na ukumbi kwa herufi kubwa tupu. Kwenye kioo cha kompyuta zilipendeza. Mama wa bibi harusi alizigeuza mara mbili, akauliza, "Mwanangu, hiki ni Kiswahili?" Nikachapa upya kwa hela yangu. Herufi kubwa ya Kigothi imejaa mikunjo na mapambo kwa sababu kazi yake ni kufungua neno, kisha ndogo zifuate. Ukizipanga kubwa tupu, jicho halina pa kushika.

Na ndogo nazo zina mtego, hasa kwa lugha yetu. Herufi i, n, u na m zinajengwa kwa kijiti kilekile cha wima: i kimoja, n na u viwili viwili, m vitatu. Andika "mumini" uhesabu: vijiti 12 vimesimama kama ua wa fito, na nukta mbili juu. Waandishi wa Kilatini waliteseka vilevile. Alama juu ya i iliwekwa ili isimezwe na jirani zake. Kwa hiyo soma neno la mteja kabla hujamkubalia.

Umbo lenyewe limetoka kwenye kalamu yenye ncha pana, iliyoshikwa kwa pembe isiyobadilika, kama kalamu ya mwanzi ya waandishi wetu wa khati. Gutenberg, kule Mainz, aliiga mwandiko huo kwenye Biblia yake ya mistari 42, mnamo 1455. Funga penseli mbili pamoja, andika nazo jioni moja, utaelewa wembamba na unene vinatoka wapi. Usiivute fonti kwa kipanya iwe pana. Inaharibika.

Kuna mteja atakuambia hayo ni maandishi ya Hitler. Mwambie serikali hiyohiyo iliyapiga marufuku mwaka 1941.

Yanafaa wapi? Neno moja au mawili: jina la kinyozi, kichwa cha cheti, mgongo wa fulana. New York Times wameyaweka kwenye jina la gazeti tu. Habari zinasomeka kwa fonti nyingine. Kwenye fulana za skrini, nyuzi nyembamba za herufi hukatika au wino huziba matundu, kwa hiyo zinenepeshe kwanza. Stika ya bajaji ndiyo mbaya zaidi: ncha kali hubanduka mvua ya kwanza ikinyesha. Mimi naziviringa kidogo kabla ya kuituma kazi kwenye mashine ya kukatia, na mteja hajawahi kugundua.