Kwenda kufanya ufamasia nje "miezi sita tu": yaliyonikuta Muscat

Mkuu mleta mada, salaam. Kwa waliochelewa kuingia: jamaa ni mfamasia, ana miaka minne anasimamia duka la dawa Kariakoo, na kuna mtu kamwambia ipo kazi ya ufamasia Uarabuni ya miezi sita. Anataka aende, apige hela, arudi apaue nyumba yake Chanika. Halafu mwishoni kabisa, kama vile hataki tusikie, kauliza kama anaweza kuacha cheti chake kimetundikwa pale dukani kiendelee kumwingizia chochote akiwa huko.

La cheti nitalijibu mwisho, maana ndilo lililonifanya niandike. Tuanze na miezi sita.

Miezi sita haipo, mkuu. Fundi wa vigae anaweza kupanda ndege leo na keshokutwa akawa kazini. Mfamasia hapana. Leseni ya Baraza la Famasi inakufanya mfamasia hapa Tanzania. Ukishavuka mpaka wewe ni mtu mwenye karatasi, na kila nchi itakupima upya kwa mzani wake. Mimi nilianza kukusanya karatasi mwezi wa tatu 2021, nikavaa koti jeupe Muscat, Oman, mwezi wa pili 2022. Miezi kumi na moja. Ningepewa mkataba wa miezi sita ningekuwa nimesubiri karibu mara mbili ya muda wa kazi yenyewe. Waajiri wa kule wanalijua hilo, ndiyo maana mimi nilipewa miaka miwili. Huyo anayekuambia miezi sita, muulize kwa upole tu: viza yangu itaandikwa kazi gani?

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Wakala wangu wa kwanza alikuwa na ofisi ghorofani, Kinondoni, kiyoyozi kinapuliza mpaka unatamani sweta. Mkataba wa Kiingereza ulisema mfamasia, mshahara safi. Karatasi ya viza ilikuja kwa Kiarabu, na yeye anasema "hiyo ni taratibu tu, saini". Nikaomba niondoke nayo. Nikaipeleka kwa ustadhi mmoja Magomeni, akavaa miwani, akasoma, akanitazama. "Kijana, hapa pameandikwa muuzaji." Sasa Oman leseni ya ufamasia inakwenda sambamba na kazi iliyoandikwa kwenye kibali chako. Ukiingia kama muuzaji utauza shampuu na nepi, na siku ukigusa dawa za cheti cha daktari umevunja sheria ya watu. Laki nane nilizomlipa yule wakala hazikurudi mpaka leo. Jina la ofisi silitaji, na nasikia ilishahama.

Nafasi niliyoipata baadaye ilitoka kwa Mtanzania aliyekuwa kule tayari, akanielekeza nizungumze na mwajiri mwenyewe. Hapo ndipo karatasi zilianza.

Kuna kampuni inaitwa DataFlow. Nchi nyingi za Ghuba zinaitumia kuhakiki vyeti. Haijali kwamba umeshika cheti halisi mkononi chenye muhuri unaong'aa. Inaandika moja kwa moja kwa chuo chako, kwa Baraza, kwa mwajiri wako wa zamani, inauliza: huyu ni wenu kweli? Wote wakijibu ndiyo, unasonga. Asipojibu mmoja, umekwama. Chuo changu kilikaa kimya wiki saba. Nikapiga simu, hola. Nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la korido mpaka saa sita, mama mmoja wa masijala akanihurumia akafungua kompyuta. "Barua pepe ya nani hiyo, baba?" Nikamtajia. Akatafuta, akaenda kwenye kapu la barua taka, akashusha, akashusha. Ilikuwa pale, na pembeni yake maombi mengine ya kampuni ileile, majina ya watu ambao bila shaka nao walikuwa wamekaa nyumbani wanailaumu Oman. Akajibu ya kwangu palepale. Nikamwomba ajibu na za wenzangu, akacheka: "Wao waje na soda yao."

Kwa hiyo ushauri wa bure: kabla hujalipa ada ya uhakiki, nenda chuoni ujue nani anasoma ile barua pepe, kwa jina. Angalia pia majina yako. Mimi cheti cha kidato cha nne kilikuwa na majina mawili, shahada matatu, pasipoti matatu ila la kati limeandikwa kwa herufi tofauti. Nilikula kiapo kwa wakili, nikazunguka na mihuri kuanzia Wizara ya Mambo ya Nje hadi ubalozini. Barua ya Baraza ya kuthibitisha kwamba uko kwenye orodha na huna kesi ya kitaaluma usiichukue mapema mno, inaweza kuchacha kabla wengine hawajajibu.

Mtihani wenyewe ni wa kompyuta, maswali ya kuchagua, unasimamiwa na Prometric, kampuni ya kuendesha mitihani. Si mgumu kwa mtu aliyesoma kweli, ila umetukalia vibaya sisi tuliozoea kaunta: umesahau hesabu za dripu, umesahau mwingiliano wa dawa za moyo ambazo Kariakoo huzigusi mara kwa mara. Nilisoma miezi mitatu, usiku, baada ya kufunga duka.

Na kwa wale watakaokuja kuniambia "kwa nini usiende Uingereza": nilipofuatilia, mfamasia wa kutoka huku alitakiwa apate 7 kwenye kila kipengele cha IELTS, mtihani wa Kiingereza, asome mwaka mmoja wa kozi ya wafamasia wa kigeni, afanye mafunzo ya wiki 52, ndipo akae mtihani wa usajili. Hiyo haiitwi kwenda kwa muda. Marekani ndiyo usijisumbue: anayetoka nje aliyehitimu kuanzia 2003 anatakiwa awe na shahada ya ufamasia ya miaka mitano, na yetu ni minne. Ule mwaka wa intern baada ya kuhitimu hauhesabiwi.

Hela. Nililipwa riali 420 kwa mwezi, na chumba nilipewa, tunakaa watatu, wenzangu wote wa Kerala, India. Riali moja ni dola 2.6 na haiyumbi, wameifunga na dola miaka mingi. Usiidharau kwa sababu namba ni ndogo. Ila wiki ya kwanza ilinitoa jasho: riali ina baiza 1,000, kwa hiyo bei zina tarakimu tatu baada ya nukta. Mteja wa pili maishani mwangu kule nilimsomea 1.250 kama elfu moja mia mbili hamsini. Akanitazama kama nimemwomba figo.

Muda wa kazi unakatwa vipande viwili. Asubuhi saa tatu hadi saa saba, unarudi kulala maana mwezi wa sita jua linaunguza mpaka kitasa cha mlango, unarudi saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Ukihesabu ni saa nane. Ukiziishi ni siku nzima.

Kilichonishangaza zaidi ni bei. Dawa bei yake imepangwa na wizara, hakuna "nipunguzie kaka". Na mteja hakuombi vidonge vinne vya amoksilini avipime kwanza. Anachukua boksi zima kwa cheti cha daktari au anaondoka. Mwezi wa kwanza niliona ni raha. Mwezi wa pili nikagundua kwamba huku kwetu yale mabishano ya bei ndiyo yalikuwa yananipa nafasi ya kumuuliza mtu anaumwa nini. Kule anakuja, analipa, anaondoka. Usipojifunza kumsimamisha hujui lolote kuhusu yeye. Na umsimamishe kwa lugha gani? Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa ya Temeke.

Hapo ndipo akaingia bibi mmoja. Mwezi wangu wa tatu, jioni, kavaa buibui, kafuatana na mjukuu anayechezea simu. Mjukuu anamjibu kwa Kiarabu huku haangalii. Bibi akanong'ona mwenyewe: "Huyu naye ukimsemesha kama umesemesha ukuta." Kiswahili! Nikasema, "Shikamoo bibi." Akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Marahaba mwanangu. We mtoto watoka wapi?"

"Dar es Salaam, bibi."

"Mie mzaliwa wa Mkunazini. Nilitolewa nna miaka kumi na miwili, mwaka ule wa sitini na nne." Kisha akamgeukia mjukuu, akampiga kofi la begani. "Umeona? Mfamasia wangu huyu."

Tangu siku hiyo nilikuwa na foleni yangu. Wako wengi Muscat, watu wazima waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa, na baadhi ya watoto wao wanakisikia Kiswahili hata kama hawakisemi. Walikuwa wanasubiri nimalize mteja mwingine waje kwangu. Mwajiri akaona, akanipangia jioni zote. Ndiyo mtaji ambao hakuna aliyeniambia nina nao, na ninakuambia wewe.

Bibi alikuwa na kisukari, anakunywa metformini mara tatu kwa siku. Kabla ya Ramadhani akaja: "Hiki cha mchana nikile saa ngapi na mie nimefunga?" Kwa metformini jibu halina shida sana, kile cha mchana kwa kawaida huunganishwa na cha futari, cha daku kinabaki kilivyo. Ila alikuwa na kidonge kingine kwenye mkoba, cha kuisukuma kongosho itoe insulini, na hicho ndicho kinachoweza kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka saa tisa alasiri. Hicho sikumpangia, nilimrudisha kwa daktari wake, na nikamwambia mwakani aende mapema, wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuandama. Nikamwambia na hili: kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 afungue hapohapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika tano. Alininunia kwa hiyo dakika tano. Tulibishana, akanisomea aya, nikamwambia mgonjwa ameruhusiwa, akasema "haya, mufti".

Jambo la mwisho la kaunta, kwa wafamasia wenzangu. Kule baba kijana anakuja na cheti cha dawa cha mtoto, na kabla hujasoma anakwambia: "G6PD." Ni upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wa kuzaliwa nao, na Oman ni wa kawaida mno. Mtoto akipewa dawa fulani, au akila maharage ya fava, chembe zinapasuka, macho yanakuwa ya njano na mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Yule bibi siku moja alitaka kumpaka hina kitukuu kichanga mwenye shida hiyo, na hina nayo inaweza kuleta balaa lilelile. Nilimkatalia, na safari hii hakubishana. Sasa upungufu huu unapatikana zaidi kwenye jamii zilizoishi na malaria vizazi kwa vizazi, maana yake na sisi tunao. Miaka yangu yote Kariakoo, nilimuuliza nani kabla ya kumpa nitrofurantoini, ambayo ni moja ya dawa hizo? Sikumbuki hata mmoja.

Mkataba ulipoisha sikuongeza. Mama alikuwa anaumwa, na nilikuwa nimechoka kulala mchana. Tangu Januari 2021 Oman imeondoa ile barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani, kwa hiyo ningeweza kuhamia kwingine kirahisi. Nilirudi.

Nikakuta leseni yangu ya hapa imelala. Sikulipa ada ya kila mwaka, sikukusanya alama za mafunzo, nilidhani nikirudi nitaendelea pale nilipoishia. Nilikaa nyumbani wiki kadhaa nalipa malimbikizo na kujieleza huku akiba ya riali inayeyuka. Ningelipa kwa simu nikiwa kule ingenigharimu dakika kumi.

Sasa cheti chako, mkuu. Wote tunajua mchezo ulivyo: sheria inataka duka la dawa lisimamiwe na mfamasia, mwenye duka anataka cheti ukutani tu, na mwenye cheti anataka bahasha ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa na rafiki aliyeondoka hivyo kwenda nchi nyingine ya Ghuba. Kijana wa kaunta akatoa dawa isiyo sahihi kwa mtoto. Mtoto alipona, lakini wakaguzi walikuja, na jina lililokuwa ukutani si la kijana. Rafiki yangu akaitwa kujieleza akiwa maili elfu mbili kutoka pale. Halafu mkataba wake kule ukafika wakati wa kuhuishwa, wakamtaka ile barua ya Baraza ya kwamba hana kesi. Hiyo barua ukiwa na kesi huipati. Akapoteza bahasha ya Dar na mshahara wa Ghuba ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo mwandikie mwenye duka barua ya kuacha usimamizi, Baraza nalo lipate nakala, na cheti kishushe wewe mwenyewe ukutani. Usikikunje. Tafuta bahasha ngumu, kiweke kwenye begi la mkononi pamoja na shahada na pasipoti, maana kule watataka kukiona chenyewe, na begi la chini la ndege linaweza kwenda Mumbai bila wewe.