Kwa wadogo zangu wanaokingoja kijiti

Jana baada ya isha nilikaa barazani Malindi nikamtazama mdogo wetu mmoja akicheza Tetris kwenye simu, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoshuka mpaka mstari ujae na kutoweka. Rundo lake lilikuwa limefika mstari wa 16, limenyooka kama ukuta wa fundi, safu ya kulia kabisa ameiacha tupu kuanzia chini hadi juu, naye anakiita kijiti, kile kipande cha miraba minne iliyonyooka, kwa sauti kama utingo anavyowaita abiria wa Darajani. Kijiti hakikuja, akafa. Wiki iliyopita mwenzake alikufa hivyo hivyo, na mimi nilifia pale pale kabla nyote hamjazaliwa. Nimechoka kuyatazama kimya, na kwa kuwa nawapenda, nimeona niandike.

1. Msiilaumu simu. Alexey Pajitnov alipoutengeneza mchezo huu Moscow mwaka 1984, kompyuta yake ya Elektronika 60 haikuweza kuchora picha, akavichora vipande kwa alama za mabano. Kioo chenye ufa kinatosha.

2. Tazameni kipande kinachofuata kabla ya kukiweka cha sasa. Hili nimelisema mpaka koo limekauka.

3. Utunzeni uso wa rundo. Ngazi ya mraba mmoja inampa S au Z, vipande tunavyoviita kwa herufi vinavyofanana nazo, mahali pa kulala. Shimo jembamba la kina cha miraba miwili bado linazibwa na L au J. Likifika miraba mitatu, hakuna kinacholijaza sawasawa ila kijiti, na mwenye mashimo mawili ya namna hiyo ameshajifunga kwa vijiti viwili ambavyo hajapewa.

4. Kisima kimoja ukutani, yaani safu iliyoachwa tupu, ni halali, lakini jueni wakati wa kukiacha. Sababu ya kukichimba naifahamu: katika Tetris ya Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya mwaka 1989, mstari mmoja katika ngazi ya 0, kiwango cha chini kabisa, hulipa pointi 40, miwili 100, mitatu 300, na minne kwa pamoja, ambayo ni kijiti pekee kinachoiweza, 1,200. Malipo hayo ya minne ndiyo yaliyoniponza.

Ami yangu alituletea Game Boy kutoka Maskati, ile nzito ya betri nne, na watoto wa mtaa mzima tukawa tunaizunguka. Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tulishindana wawili wawili, pointi za wenzi zikijumlishwa. Mwenzangu alikuwa mdogo kuliko sote. Alicheza kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwa mtoto, mstari mmoja mmoja, ulimi nje, na aliponikabidhi mashine tulikuwa tumebakisha pointi zisizofika 500 tushinde. Nilianzia ngazi ya 5, ambapo malipo huzidishwa mara sita. Mistari miwili tu ingenipa 600 na kazi ingekwisha.

Rundo langu lilikuwa limefika mstari wa 12, na uwanja wa mashine ile una mistari 18. Ikaja L. Ningeigeuza kichwa chini, mguu wake ukaingia kisimani, kichwa kikakaa juu ya safu ya jirani, mistari miwili ikaondoka pale pale. Kisima kingefunikwa, ndiyo, lakini kwa mstari mmoja tu, nao ungejazwa kwa miraba minane na kisima kikafunguka tena. Yote hayo niliyajua. Niliyaona kabisa. Lakini nilitaka minne, nilitaka 7,200 ziandikwe mbele ya wale wakubwa waliokuwa wakiniangalia, nikailaza L kando ikaacha tundu chini yake. Ikaja Z, ikaja Z nyingine, kikaja kipande cha mraba, ikaja S isiyokuwa na pa kulala. Kidole changu kilikuwa kimelowa jasho kikiteleza juu ya kitufe. Kijiti nilikiona, wallahi nilikiona, ndani ya kidirisha cha kipande kinachofuata, na hapo rundo likagusa juu na skrini ikajaa matofali kutoka chini. Mwenzangu hakulia wala hakunigombeza. Alisema, “Kaka, ile L ilikuwa inatosha,” akavaa makubadhi yake akaenda kwao. Mpaka leo nikiiona L imesimama juu ya kisima naisikia sauti ile.

5. Nyinyi mna bahati tuliyoikosa. Matoleo mengi ya leo hutoa vipande kwa mfuko: aina zote saba hutoka kwanza, ndipo mfuko mwingine hufunguliwa. Kwa hiyo kati ya kijiti na kijiti hapawezi kupita vipande zaidi ya 12. Fanyeni hesabu: vipande 12 ni miraba 48, na ukiipanga katika safu tisa unahitaji mistari sita. Uwanja wenu una mistari 20. Basi rundo likipita mstari wa 14 na hamjui kijiti kilitoka lini mara ya mwisho, kifunikeni kisima, choma mistari miwili, shuka.

6. Kijiti kikija wakati hamkihitaji, kiwekeni katika kisanduku cha akiba cha mchezo.

Wewe wa jana, unajijua. Njoo kesho baada ya isha na simu yenye chaji, tuanze na L juu ya kisima, mara ishirini, mpaka mkono uizoee.