Maswali na Majibu: Sarafu za Fedha za Barcelona, 1808 hadi 1814

Nimeonyeshwa sarafu kubwa ya fedha yenye maneno EN BARCELONA (yaani "huko Barcelona", mji wa Hispania) na mwaka 1811, lakini haina sura wala jina la mfalme. Je, ni bandia?

Kukosekana kwa mfalme si dalili ya ubandia. Angekuwapo, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kushuku. Majeshi ya Napoleon, yakiongozwa na Jenerali Duhesme, yaliingia Barcelona Februari 1808 kwa jina la urafiki, yakaitwaa ngome ya mji kwa hila, na hayakuondoka hadi Mei 1814. Hispania ilikuwa na wafalme wawili wakati huo: Joseph, kaka yake Napoleon, aliyewekwa na wavamizi, na Ferdinand VII, ambaye raia wengi walimtambua ingawa alikuwa kizuizini Ufaransa. Sarafu za Barcelona hazikumtaja hata mmoja, bali ziliwekewa nembo ya mji katika ngao yenye umbo la almasi, pamoja na thamani na mwaka. Nionavyo mimi, ukimya huo ndio unaozipa mvuto, hasa zikiwekwa kando ya zile zilizotengenezwa Gerona na Tarragona miji hiyo ilipokuwa bado ikiwapinga Wafaransa, ambazo hutangaza FER VII (yaani Ferdinand VII) waziwazi.

Inakuwaje iandikwe PESETAS ilhali peseta ilianza 1868?

Mwaka 1868 peseta ilifanywa sarafu ya taifa zima, lakini Wakatalunya, yaani watu wa jimbo la Barcelona, walikuwa wakihesabu kwa peseta tangu zamani, kila moja ikiwa sawa na reali 4 za vellón, kipimo cha kuhesabia pesa Hispania. Sarafu hizi za Barcelona ndizo za kwanza kuandikwa jina hilo. Za fedha ni za peseta 1, 2½ na 5. Kuna pia za shaba za kwarto, yaani sarafu za thamani ndogo, na za dhahabu za peseta 20. Anayeanza atafute ya peseta 1, hata ikiwa imechakaa kidogo.

Nitaipimaje bila mtaalamu?

Anza na mizani ya sonara. Sarafu ya peseta 5 ina uzito wa takriban gramu 27, na upungufu mkubwa usioelezwa na uchakavu au kukatwa kingo ni sababu ya kutonunua. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uizamishe sarafu ikining'inia kwenye uzi bila kugusa kitako; mizani ikisoma karibu na gramu 2.6, densiti yake (uzito kwa ujazo) inalingana na ya madini ya fedha ya kutengenezea sarafu. Kipimo hiki hakithibitishi umri, kwa kuwa mghushi naye anaweza kununua fedha halisi, kwa hiyo chunguza herufi kwa lenzi: vishimo vidogo vya mviringo kwenye uso huashiria sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa mhuri.

Je, sarafu za Tabora za 1916 ni za kundi hili la sarafu za fedha za mji uliotwaliwa na wavamizi?

La. Zile zilitengenezwa na Wajerumani wenyewe kabla Wabelgiji hawajautwaa mji Septemba mwaka huo, nazo ni za shaba, shaba njano, na dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Fedha haimo.

Nisugue weusi ulio juu ya sarafu?

Usisugue. Wanunuzi wazoefu huutambua mng'ao wa dawa ya kusafishia mara moja, na bei hushuka hapo hapo.